Fungueni boneti ya ndege, watoto waone

Daktari alifika hangarini Jumatatu asubuhi simu ikiwa mkononi, hata chai sijaimaliza. "Mama, hujambo? Hebu tazama hii." Alikuwa ametoka kutazama maonyesho ya ndege ng'ambo, na kwenye simu kulikuwa na picha ya Cessna 172 kama yake. Nyeupe pepe, mstari mwekundu kutoka puani hadi mkiani, na kwenye dashibodi skrini mbili pana mahali pa zile saa za mviringo tulizozizoea. "Yangu nataka iwe hivi kabla ya Krismasi."

Nikamwomba apande ndege yake, akae kiti cha rubani, afunge mkanda. Akafunga. Ni mkanda wa kiunoni peke yake. Nikamwambia ajirushe mbele kidogo, kama abiria wa matatu iliyokanyaga breki ghafla. Paji la uso likatua pale pale anapotaka nimwekee skrini.

Ndege hiyo ilitoka kiwandani Wichita, Kansas, mwaka 1974. Sheria ya Marekani ilianza kulazimisha mikanda ya bega kwenye viti vya mbele kwa ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya Julai 18, 1978. Ya daktari iliwahi miaka minne. Tangu hapo imebadilishwa injini, imepakwa rangi mara mbili, imewekewa redio tatu kwa nyakati tofauti, viti vimevikwa ngozi, na bado anayekaa mbele amefungwa kiuno tu, kifua na kichwa viko huru. Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka ishirini na sita, na nikiulizwa ni kitu gani kimeharibu nyuso za marubani niliowajua, sitataja injini kwanza. Nitataja ukingo wa dashibodi.

Nasema haya nikiwa mtu aliyelelewa na ndege. Nilizaliwa Makina, Kibera, mahali ambapo ndege zinazoruka kutoka Wilson kuelekea kaskazini-magharibi hupita juu ya mabati chini kiasi kwamba unaona matairi yakizunguka. Kabla sijajua kusoma nilijua kutofautisha injini ya silinda nne na ya silinda sita kwa sikio. Kulikuwa na moja iliyokuwa ikipasua hewa kama turubai linalochanwa. Nikaja kujua baadaye kuwa ni Cessna 206, na kwamba kelele ile si ya injini bali ni ya ncha za propela zikizunguka karibu na mwendo wa sauti. Kwetu hayo ndiyo yalikuwa maonyesho, bure, kila asubuhi. Mama alikuwa akitoka nje na sufuria mkononi kunitafuta na kunikuta nimelala chali kwenye vumbi.

Hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba uwanja ule una jina la mwanamke. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929, na mwaka 1962 uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ukapewa jina lake. Ningelijua hilo nikiwa na miaka saba, nadhani nisingepoteza miaka niliyoipoteza nikiamini kuwa hangari ni mahali pa wanaume.

Mei 2022, Jeshi la Wanahewa lilipoandaa maonyesho Uhuru Gardens, nilikwenda kama mtoto. Nilitoka nyumbani mapema, nikanunua maji na njugu, nikasimama nyuma ya kamba pamoja na maelfu ya Wakenya ambao wengi wao hawajawahi kupanda ndege yoyote. Ndege za kivita za F-5 zilipopita nilihisi sauti kifuani kabla ya masikio. Mwanamume aliyekuwa kando yangu alimbeba kijana wake mabegani, na kijana alipomaliza kupiga kelele aliuliza swali moja: "Baba, ndani iko nini?" Baba akajibu, "Rubani." Kijana akasema, "Hapana, ndani ya ile."

Swali hilo sijalisahau, kwa sababu pale hapakuwa na mahali pa kumpeleka akaone. Juu tulionyeshwa mengi. Cha ndani hakikufunguliwa.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeona mahali ambapo kinafunguliwa. Binamu yangu ni muuguzi Minneapolis, na Julai 2019 nilipomtembelea tuliendesha gari karibu saa tano hadi Oshkosh, mji mdogo kando ya ziwa Winnebago jimboni Wisconsin. Chama cha wajenzi wa ndege kiitwacho EAA, ambacho Paul Poberezny alikianzisha Milwaukee mwaka 1953 pamoja na wenzake wachache, kilikuwa kikifanya mkutano wake hapo kwa mwaka wa hamsini mfululizo. Wiki ile mahudhurio yalipita 600,000, na ndege zilizokuja zilikuwa zaidi ya 10,000. Nilizisoma hesabu hizo kabla ya kusafiri na sikuziamini. Nilipofika nikasimama kwenye uzio wa uwanja wa Wittman na kuamini.

Ndege zinaingia kwa mstari mmoja zikifuata reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, futi 1,800, mwendo wa noti 90, kila moja nusu maili nyuma ya mwenzake. Waongoza ndege wamekaa chini na darubini. Wanamtambua rubani kwa rangi ya ndege na umbo la mabawa, na rubani haruhusiwi kujibu kwa redio, maana hewa ingejaa maneno. Anajibu kwa kutikisa mabawa. Kwenye barabara ya kutua kumechorwa madoa makubwa ya rangi, na kila rubani anaambiwa atue kwenye doa lake, hivyo ndege mbili au tatu zinagusa lami moja kwa wakati mmoja. Nililia. Binamu alidhani ni vumbi.

Lakini maonyesho ya angani yanaanza mchana. Asubuhi yote watu wako kwenye nyasi, na ndipo kwenye jambo lenyewe. Ndege zimeegeshwa safu kwa safu, mahema yamefungwa chini ya mabawa, wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja, na boneti ziko wazi. Unapita, unasalimia, unachungulia. Mzee mmoja mkulima mwenye Cessna 140 aliponiona nimeinama kuangalia kabureta yake hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa tochi. Tukazungumza saa nzima kuhusu barafu inayojitengeneza ndani ya kabureta hata siku ya joto, yeye akieleza ya Wisconsin na mimi nikieleza ya Limuru kwenye ukungu wa Julai, na mwisho akaniomba nisikilize mlio wa silinda yake ya tatu. Kwenye banda la watoto nilimkuta msichana wa miaka tisa hivi akipiga ribiti kwenye bamba la alumini kwa bunduki ya hewa, mama yake amekandamiza chuma upande wa pili. Ribiti ya kwanza ilipinda. Hakuna aliyemnyang'anya bunduki. Wakaitoboa, wakaanza upya.

Chama hicho hicho kimekuwa, tangu 1992, kikiwarusha bure watoto wa miaka minane hadi kumi na saba kupitia wanachama wake wenye ndege, na hesabu imepita watoto milioni mbili. Wanaofanya hivyo ni watu wenye ndege ndogo kama ya daktari, kila mmoja kwenye uwanja wa kwao, kwa petroli yake mwenyewe.

Mchana zikaja sarakasi za angani, na kwa kuwa asubuhi nilikuwa nimeona ndani, nilitazama kwa macho mengine. Ule moshi mweupe unaochora duara angani si dalili ya moto. Ni mafuta mepesi yanayonyunyizwa ndani ya bomba la moshi lenye joto kali, yakageuka mvuke. Ndege inaporuka juu chini, miguu ikielekea mawinguni, injini haizimiki kwa sababu ndani ya tangi kuna bomba laini la mpira lenye uzito kwenye ncha, linaloangukia popote petroli ilipo. Cessna ya kawaida ukiipindua hivyo kabureta yake inakauka. Nilikuwa najua haya kwa vitabu. Kuyaona kwenye boneti iliyo wazi saa nne asubuhi, kisha kuyaona yakifanya kazi angani saa tisa, ni utamu wa aina yake, na sioni kwa nini mtoto wa Nairobi aunyimwe.

Wako wanaosema sarakasi za ndege ni anasa za matajiri zisizo na faida kwetu. Hao niwape habari za Patty Wagstaff. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa taifa wa sarakasi za angani Marekani, akatwaa taji mara tatu mfululizo, 1991 hadi 1993, na ndege yake aina ya Extra 260 imewekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mama huyo alikuja Kenya kuwafunza marubani wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa nini? Rubani wa doria anaruka chini na polepole, akizunguka mzoga wa ndovu huku macho yake yako ardhini. Anataka kuona vizuri zaidi, anakaza mzunguko, anavuta usukani, na bawa linapoteza nguvu ya kumbeba. Ndege inageuka na kuanguka ikizunguka, na chini yake hakuna nafasi ya kuinuka. Anayejua kutambua dakika ile kabla haijafika, kwa mwili wake na si kwa kitabu, ni yule aliyewahi kuipindua ndege makusudi akiwa juu, na mwalimu kando yake. Umati unaishangilia sarakasi. Askari wa wanyama anarudi nyumbani kwa ajili yake.

Sasa nirudi kwa daktari na skrini zake, maana mtu asije akasema nachukia vitu vipya. Nilimweleza kwamba skrini ya kwanza ninaikubali kwa mikono miwili. Ile saa ya kizamani inayomwonyesha rubani upeo wa macho akiwa ndani ya wingu inaendeshwa na pampu ya kufyonza hewa, yenye vijibamba vya kaboni vinavyosagika kimya kimya. Pampu ikifa, saa haisimami papo hapo. Inalala polepole, na rubani analala pamoja nayo akidhani anaruka sawa. Kuiondoa na kuweka kifaa cha umeme chenye betri yake ni kuokoa maisha, na uzito wa pampu unapungua juu yake. Skrini ya pili, ile pana ya ramani yenye rangi za machungwa na zambarau, inaweza kungoja.

Kinachonisumbua ni wenye ndege wa hapa kununua orodha iliyoandikwa kwa ajili ya Oshkosh. Kule uwanja uko futi 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Wilson iko futi 5,500 na ushei. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi elfu moja, na jua likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi. Siku ya nyuzi 28 mchana, ndege iliyosimama Wilson inavuta hewa ya futi 8,000 na zaidi. Zile nguvu za farasi 160 zilizoandikwa kwenye kitabu zinabaki kama 120. Ndege imejazwa watu wanne na tangi limejaa, barabara inaisha, na mbele kuna Lang'ata au paa za nyumba za akina mama yangu. Kwa mtu wa hapa, kubadilisha injini ya 160 na kuweka ya 180 yenye propela iliyochongwa kwa ajili ya kupanda, kwa idhini na karatasi zake zote, kunafaa kuliko skrini kumi. Hakuna atakayempiga picha. Ukiegesha kwenye maonyesho, ndege inaonekana ile ile.

Kitu kingine nilichomwomba daktari asingoje ni kifaa cha kuonana. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, hatua chache kutoka tulipo. Dash 8 ilirudi Wilson salama na watu wake 44. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Nilikuwa nimeshika spana ya bolti za propela niliposikia, na siku nzima hangari yetu haikuwasha redio ya muziki. Leo kuna transponda inayotangaza mahali ndege ilipo kila sekunde, na kipokezi kidogo cha kukaa juu ya dashibodi kinachomwonyesha rubani wenzake walio karibu. Marekani waliifanya transponda hiyo kuwa lazima katika sehemu kubwa ya anga inayoongozwa kuanzia Januari 1, 2020. Anga ya Wilson ni ndogo na ina shughuli nyingi: wanafunzi, ndege za watalii, madaktari warukao, helikopta. Kila mwenye ndege anayefika kwangu na pesa za rangi namuuliza kwanza kama wenzake wanamwona.

Na hiyo rangi yenyewe. Watu wanadhani kupaka ndege ni kama kupaka lango. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa ndege iliyokuwa imetoka kupakwa kwenye karakana moja, inapendeza kweli, na mwenyewe akilalamika kwamba usukani unatetemeka akizidisha mwendo. Nilizitoa zile sehemu za mabawa zinazochezacheza, nikaziweka kwenye vyuma vya kupimia. Zilianguka nyuma kama mlango uliolegea bawaba. Walikuwa wamepaka rangi mpya juu ya ya zamani bila kukwangua, na hakuna aliyepima uwiano baada ya kumaliza. Sehemu hizo zina uzito wa risasi mbele ili zisianze kupepea kwenye upepo. Ukiongeza rangi nyuma, hata kidogo, unaondoa uwiano huo. Zikianza kupepea kwenye mwendo mkali zinaweza kujing'oa, na bawa likafuata. Nilizikwangua hadi alumini. Mwenye ndege alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiniangalia, na hakusema neno.

Liko na suala la petroli, na hili linanigusa kwa sababu za nyumbani. Petroli ya magari iliondolewa risasi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao hapa hapa Gigiri, ndilo lililoongoza kampeni hiyo duniani hadi 2021. Petroli ya ndege ndogo, ile ya rangi ya buluu, bado ina risasi. Injini hizi zilitengenezwa kwa kuitegemea, ili petroli isilipuke ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Nimeikwangua risasi hiyo kwenye plagi kwa miaka ishirini na sita, vijipunje vya kijivu kama changarawe. Watoto wa Makina wanalala chini ya njia ile ile niliyolala mimi. Septemba 2022 mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha petroli isiyo na risasi kwa injini zote za ndege zinazotumia plagi. Njia ipo. Ningependa kuwaona wenye ndege wa Wilson, watu wenye sauti katika nchi hii, wakiidai kwa nguvu wanayoitumia kudai nafasi ya kuegesha. Mpaka siku hiyo, anayetaka kuboresha ndege yake aje nimwonyeshe jinsi ya kupunguza mchanganyiko wa petroli sawasawa akiwa angani. Plagi zitakaa safi, na kitakachowashukia walio chini kitapungua.

Kwa wanaoandaa maonyesho ya ndege hapa nchini, jeshi, vilabu na kaunti, ombi langu ni hili. Endeleeni. Msisikie wanaosema ni kelele na petroli ya bure. Kamba ya kuwazuia watu iacheni pale ilipo au mbali zaidi. Tangu ajali ya Ramstein, Ujerumani, Agosti 28, 1988, iliyoua watu 70, dunia nzima inajua kwa nini ndege haielekezwi kwa umati. Lakini asubuhi ya siku hiyo, kabla ndege yoyote haijaruka, egesheni ndege tano kwenye nyasi na mfungue boneti. Wekeni fundi mmoja kando ya kila moja. Si lazima awe na suti. Awe na tochi na kitambaa, na mtoto akiuliza "ndani iko nini" aambiwe: hii ni silinda, weka kidole hapa, usiogope, ni baridi. Wekeni meza moja ya ribiti na mabamba ya alumini chakavu. Tunayo mengi, tutaleta sisi. Walimu wa Kibera, Mukuru na Eastleigh wapewe tiketi kabla ya wageni wa heshima.

Na wenye ndege wanaotuletea picha za skrini nawaomba wakumbuke kwamba ndege zao zinafunguliwa kila mwaka kwa ukaguzi, boneti chini, viti nje, sakafu imefunguliwa, kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kumleta mtoto wa jirani. Sisi mafundi hatutaki malipo ya ziada kwa hilo, na tutaweka kamba pale pasipofaa kushikwa.

Daktari alikubali mikanda. Ilifika baada ya wiki sita, na Jumamosi iliyopita alikuja kuona ikifungwa, safari hii na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Kazi iliyobaki siku hiyo ilikuwa bomba la moshi. Heta ya ndege hizi inachukua joto lake kutoka kwenye hewa inayozunguka bomba hilo, na ufa mdogo kama uzi unatosha kuingiza kaboni monoksidi kwenye chumba cha rubani. Haina harufu, na ya kwanza kuharibika ni akili ya kutambua kwamba unaharibika. Julai moja rubani wa mteja wangu alitua kutoka Nanyuki akiwa na maumivu ya kichwa aliyoyadhania ni ya kukosa chai. Tangu siku hiyo naweka kipima gesi kwenye kila ndege ninayoihudumia, na sipitishi bomba bila jaribio nililofunzwa na mzee aliyenipokea Wilson: unapuliza hewa ndani yake kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa, unapaka maji ya sabuni nje, unatazama.

Nilimpa binti brashi. Baba yake alikaa ndani akijaribu mkanda wa bega, akijirusha mbele na kurudishwa, mbele na kurudishwa. Mtoto alipaka kila mahali, hadi kwenye viungo nisivyomwelekeza, akainama chini ya injini na tochi mdomoni kama alivyoniona mimi nikifanya. Kimya kikawa kirefu.

"Mama," akaniita, "hapa chini, kwenye hii kona, inatoa povu."